Cheti Kilichoangusha Kesi ya Meli
Hotuba kwa wakaguzi wa uvuvi, maofisa wa doria na wanafunzi wa sheria, Zanzibar

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliopo, maofisa wa KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo baharini, wakaguzi mliotoka Unguja, Pemba, Tanga, Kilwa na Mtwara, na nyinyi wanafunzi wa sheria mlionyimwa viti mkasimama nyuma: Assalaam aleikum.

Nimeombwa niseme juu ya kuzishtaki meli za kigeni zinazovua kwa wizi katika maji ya nchi za visiwa. Mwandalizi amenipa dakika arobaini na kunisihi nisiongee kama wakili. Dakika nitazichunga. Hilo la pili sina hakika nalo.

Nianzie mbali kidogo, Honiara, makao makuu ya Visiwa vya Solomon, katika Pasifiki. Nchi ile ilipata uhuru mwaka 1978, na miaka sita baadaye ilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Mwezi Juni 1984 doria yao ikaikamata meli ya Kimarekani iitwayo Jeanette Diana. Hiyo haikuwa mashua. Ilikuwa meli kubwa ya wavu wa kuzungusha, yenye helikopta yake ya kutafutia makundi ya jodari. Ilikutwa ndani ya maili 200 za Solomon bila leseni. Wakaiburuza hadi bandarini, wakafungua mashtaka, mahakama ikawatia hatiani na kutaifisha vyote: meli, helikopta na samaki.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Marekani wakati ule ilikuwa na msimamo wake wa ajabu kidogo. Sheria yao ya uvuvi ya mwaka 1976 iliwapa mamlaka juu ya samaki wa maili 200 za pwani yao, lakini jodari walimtoa. Jodari, walisema, ni msafiri. Leo yuko Solomon, wiki ijayo Kiribati, kwa hiyo hana mwenyewe mpaka anaswe. Kama wao wenyewe hawamdai jodari wa pwani yao, basi na nchi nyingine isimdai wa pwani yake. Sheria hiyohiyo iliamuru kwamba nchi yoyote ikikamata meli ya Kimarekani kwa dai wasilolitambua, samaki wa nchi hiyo wapigwe marufuku kuingia Marekani. Na kulikuwa na sheria nyingine ya zamani zaidi, ya kuwalinda wavuvi, iliyomwezesha mwenye meli kurudishiwa na serikali yake faini aliyotozwa na nchi ya watu.

Hebu litazameni hilo kwa jicho la mwendesha mashtaka. Unamtoza mtu faini, anakwenda kwao anarudishiwa. Umemwadhibu nani? Ndiyo maana Solomon hawakuridhika na faini, wakaishika meli yenyewe. Na ndiyo maana Washington walikasirika vile. Marufuku ikashuka, na jodari alikuwa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Solomon iliuza nje. Solomon nao wakazifungia maji yao meli za Kimarekani. Waziri Mkuu Solomon Mamaloni alikuwa madarakani kesi ilipoanza. Kufikia mwisho wa mwaka huo Peter Kenilorea alikuwa amerudi. Serikali ilibadilika, hukumu haikubadilika. Mwishowe meli iliuzwa, na walioinunua ni wenyewe walewale, kisha marufuku ikaondolewa.

Najua wapo humu wanaosema moyoni: basi wameshindwa, meli imerudi kwa mwenyewe. Subirini. Mwaka 1985 Kiribati wakatia saini mkataba wa uvuvi na Umoja wa Kisovyeti. Vita Baridi ilikuwa bado moto, na ghafla Washington wakagundua kwamba ugomvi wa jodari unawafungulia Warusi mlango wa Pasifiki. Nchi za visiwa zilikwisha kuwa na shirika lao la pamoja la uvuvi tangu mwaka 1979, lenye makao palepale Honiara, na zilijadiliana kwa sauti moja. Tarehe 2 Aprili 1987, mjini Port Moresby, Marekani ikatia saini mkataba wa uvuvi na nchi hizo: dola milioni 60 kwa miaka mitano, leseni kwa utaratibu wa pamoja, na Marekani yenyewe kuwajibika kuwabana wavuvi wake wakivunja masharti. Mwaka 1990 Bunge lao likaibadilisha ile sheria, na jodari akaingizwa.

Msururu wote huo ulianzia kwenye kesi moja ya jinai katika mahakama ya nchi ndogo. Ninachotaka mkishike ni hiki: Solomon walibanwa na dola kubwa kuliko zote duniani, hukumu yao ikasimama. Haikuanguka kwa sababu ya tarehe iliyokosewa wala saini iliyosahauliwa. Waliotaka kuiangusha ilibidi watumie biashara na siasa, kwa maana kwenye karatasi hapakuwa na pa kushika.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 8 Machi 2009, katika ukanda wa uchumi wa bahari wa Tanzania, yaani zile maili 200 za pwani yetu, ilikamatwa meli iitwayo Tawariq 1. Ilikamatwa na doria ya pamoja ya ukanda wetu, iliyotumia meli ya ulinzi wa uvuvi ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, wakaguzi wetu wakiwamo ndani. Kati ya mabaharia wake walikuwamo Wachina, Wavietnamu, Wafilipino, Waindonesia, hata Wakenya. Ndani ya majokofu walikutwa jodari wanaokaribia tani 300. Mnaikumbuka kesi hii kwa jina la mtaani: samaki wa Magufuli, kwani hayati alikuwa ndiye waziri wa mifugo na uvuvi. Samaki waligawiwa bure kwa taasisi mbalimbali, na nchi nzima ikashangilia. Mimi pia nilishangilia, nisiwadanganye.

Februari 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani nahodha na wakala, kwa faini za mabilioni ya shilingi au vifungo virefu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaufuta mwenendo wote, na kabla ya mwaka kwisha watu wale walikuwa huru.

Kwa nini? Je, meli haikuwa ndani ya maji yetu? Leseni ilionekana? Hapana. Someni kifungu cha 94 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kinasema kwamba mtu asiye raia, aliyetenda kosa katika bahari ya wazi ndani ya maili 200 za pwani yetu, hatafunguliwa mashtaka katika mahakama yoyote isipokuwa kwa ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka na kwa cheti chake kwamba inafaa mashtaka hayo yafunguliwe. Cheti hicho hakikuwapo tangu mwanzo. Pasipo cheti hapana kesi, na pasipo kesi hakuna hukumu. Miaka mitano ya mashahidi, wakalimani na vielelezo ikayeyuka.

Sisi hakuna dola iliyotuwekea vikwazo. Hakuna aliyetishia samaki wetu. Tulijikwaa wenyewe kwenye karatasi ya ukurasa mmoja.

Nimesikia watu, wengine wakubwa tu, wakiita jambo lile mchezo wa mawakili, ujanja wa kisheria. Sikubaliani nao hata kidogo. Kifungu kile kina sababu yake. Ukimkamata mgeni katika ukanda wa maili 200 hujamkamata nyumbani kwako. Umemkamata mahali ambapo mkataba wa kimataifa umekupa haki fulani na kukunyima nyingine. Kabla ya kumpandisha kizimbani raia wa nchi nyingine, mtu mmoja mwenye mamlaka anatakiwa akae chini apime: tunayo haki? Ushahidi upo? Nchi yake tumeiarifu? Wazee walisema Mgala muue na haki yake mpe. Mahakama ya Rufani iliutekeleza msemo huo, na kama tungeutekeleza sisi kwanza, nahodha asingetoka.

Mkataba ninaousema ni ule wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Ibara ya 73 ni fupi, na kila mkaguzi humu anapaswa kuijua. Inakuruhusu kupanda meli, kukagua, kukamata na kushtaki. Kisha inakuwekea masharti. Meli na mabaharia waachiwe haraka wakishaweka dhamana ya kiasi. Adhabu ya kosa la uvuvi katika ukanda ule isiwe kifungo, isipokuwa pawe na makubaliano na nchi ya mhusika. Na nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake iarifiwe mara moja juu ya kukamatwa na juu ya adhabu.

Kwa hiyo yale maneno ya kwenye magazeti, kwamba wafungwe miaka thelathini wakome, yanapendeza masikioni lakini yanatugombanisha na mkataba tuliouridhia wenyewe. Ukiondoa jela, kinachobaki ni mali, yaani dhamana, faini, kutaifisha meli na samaki, na kufungiwa leseni. Na mali ni ya mwenye meli, ambaye wakati wa kesi huwa yuko ofisini kwake ng'ambo wala hajaiona Dar es Salaam. Baharia wa sitahani si mlengwa wetu. Wengi wao wana mikataba ambayo hata hawaisomi, na nauli ya kurudi hawana. Mkiwaweka mahabusu arobaini, mmejipatia arobaini wa kulisha, kutibu na kutafutia wakalimani, na mwenye meli hajapoteza hata senti.

Wa São Tomé na Príncipe, wenzetu wa visiwa upande wa Atlantiki, walilielewa hili. Tarehe 6 Aprili 2015 meli iitwayo Thunder ilizama ndani ya maji yao. Ilikuwa imevua samaki wa thamani kwa wizi huko Antaktika, na kwa siku 110 ilikuwa ikifuatwa na meli ya wanaharakati wa mazingira, Bob Barker. Mabaharia wote 40 waliokolewa. Lakini kabla meli haijazama, watu wa Bob Barker walipanda wakaikuta milango ya ndani imefungwa kamba ibaki wazi ili maji yapite. Wakapiga picha, wakachukua simu na kompyuta. Nchi ile ndogo ingeweza kusema: samaki walivuliwa Antaktika, hayatuhusu. Au ingeng'ang'ania shtaka la uvuvi na kushindwa. Haikufanya lolote kati ya hayo. Mabaharia wa kawaida walirudishwa makwao. Wakashtakiwa nahodha na mafundi wawili wa mitambo, kwa kughushi nyaraka, kuchafua bahari na kuharibu mazingira. Oktoba mwaka huohuo wakatiwa hatiani, na faini ikapita yuro milioni 15. Walishtaki kile walichoweza kukithibitisha, kilichotendeka kwao. Nyinyi wanafunzi mnaopenda hati za mashtaka zenye makosa kumi na saba, lifikirieni hilo.

Niseme sasa juu ya kazi yenyewe, maana humu mnaoipanda meli ni wengi kuliko tunaovaa majoho.

Ukishaweka mguu juu ya sitaha, kesi imeanza. Andika mahali ulipo kwa kipimo cha setelaiti, na andika saa. Hapa ndipo tunapoumbuka. Daftari la meli linaandikwa kwa saa za Greenwich. Kifaa chako kimewekwa saa za Afrika Mashariki. Na wewe, ukifika ofisini, unaandika maelezo kwa Kiswahili: saa nne usiku. Kumbe daftari linasema saa 19:00, picha inasema 22:00, na maelezo yako yanasema nne. Sisi tunajua ni wakati mmoja. Wakili wa utetezi naye anajua, lakini hatakusaidia kulisema. Atamwonyesha jaji karatasi tatu zenye saa tatu tofauti na kukuuliza meli ilikuwa wapi hasa. Andika kwa mfumo mmoja, na useme ni upi, kila ukurasa.

Kisha ukanda una mpaka. Nahodha yeyote mwenye akili atasema alikuwa anapita tu, na kupita ana haki. Alivua nje, majokofu yalijaa nje. Utamjibuje? Nchi nyingi zimegundua kuwa dawa iko kwenye sheria ya kutoa taarifa: unayeingia, useme umeingia, na useme una tani ngapi. Mwaka 2000 Wafaransa waliikamata meli Monte Confurco karibu na visiwa vya Kerguelen, kusini kabisa mwa bahari yetu hii, ikiwa na samaki na haikuwa imetoa taarifa. Kesi ya dhamana ilifika kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Mahakama iliona dhamana ya faranga milioni 56 ni kubwa mno, ikaishusha hadi milioni 18. Masomo ni mawili: ukimya wa nahodha uligeuka ushahidi wa kumtilia shaka, na dhamana ya kukomoa haipiti.

Na je, Monte Confurco ilipeperusha bendera ya nani? Shelisheli. Nchi ya visiwa yenye eneo la bahari kubwa kuliko ardhi yote ya Tanzania, yenye kila sababu ya kuwachukia wezi wa samaki, bendera yake ndiyo iliyokuwa juu ya mlingoti. Hili ni jambo la aibu tunalolipitia pembeni. Jirani zetu Wakomoro, mwaka 2017, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa meli zao, kwa kuwa visiwa vile viligawa bendera kwa meli za kigeni visizozisimamia. Nasi Zanzibar tunao usajili wa meli za nje, wala sitasema zaidi kwa kuwa wenye ofisi wako mstari wa mbele. Ila huwezi asubuhi kumshtaki mwizi aliyejificha nyuma ya bendera ya kukodi, na jioni ukakodisha ya kwako.

Ile meli ya STS-50, iliyotuhumiwa kuvua kwa wizi samaki wa Antaktika kama Thunder, mnaikumbuka baadhi yenu, maana Watanzania walikuwamo katika kuifukuza. Mwanzoni mwa 2018 meli ya Ocean Warrior, ya wanaharakati walewale wa Bob Barker, ilikuwa katika maji yetu kwa doria ya Operesheni Jodari, maofisa wetu wakiwa ndani, ilipoombwa kuisaka STS-50 iliyotoroka Maputo. Majina yake yalikuwa mengi: Andrey Dolgov, Sea Breeze, Ayda. Bendera nazo nyingi. Aprili 2018 jeshi la maji la Indonesia likaikamata karibu na Aceh. Meli walibaki nayo. Lakini nahodha alihukumiwa miezi minne na faini ya rupia milioni 200, ambazo hazifiki dola elfu kumi na tano. Kwa shehena moja ya samaki wale, faini hiyo ni pesa ya chai. Kama Indonesia wasingeishika meli, wangekuwa wamemtoza ushuru tu.

Nimefika kwenye samaki. Jodari ni kielelezo kinachooza, na umeme wa majokofu una bei. Mnaweza kuwagawa, mnaweza kuwauza, lakini si kabla ya kuwapima mbele ya nahodha au wakala, kuwapiga picha, kuchukua sampuli za kila aina, na kupata amri ya mahakama. Kisha fedha ziwekwe kwenye akaunti hadi kesi iishe. Hukumu ikifutwa, swali la kwanza la wakili litakuwa: mali ya mteja wangu iko wapi? Ukijibu kwamba waliliwa, umejigeuza mdaiwa. Meli nayo ipewe thamani siku ya kwanza, na mahakama iombwe mapema iuzwe au iachiwe kwa dhamana. Tawariq 1 ilichakaa ikiwa kizuizini kwetu, na chuma kinachooza bandarini hakimtishi mtu, kinaziba gati.

Pasifiki hawakuishia kwenye kesi. Leo nchi nane zilizoungana chini ya Makubaliano ya Nauru zinauza siku za kuvua. Mwaka 2015 bei ya chini ilikuwa dola 8,000 kwa siku moja ya meli moja, na kila meli ya wavu wa kuzungusha inabeba mwangalizi. Na tangu miaka ya 1980 wana daftari la pamoja: meli ikikosa sifa kwa mmoja, inakosa leseni kwa wote. Adhabu hiyo haihitaji jaji, wala serikali ya mwenye meli haiwezi kumrudishia. Ukanda wetu wa magharibi mwa Bahari ya Hindi unabadilishana taarifa, na doria za pamoja zipo, nazisifu. Daftari la namna hiyo, lenye meno, hatuna. Sheria yetu mpya ya uvuvi wa bahari kuu ya mwaka 2020 ni nzuri kuliko ya 1998, lakini meli inayofukuzwa hapa ikipokewa na jirani kwa leseni na tabasamu, tumeifanyia tu safari fupi.

Ombi langu kwa wakuu wa doria ni dogo na linaweza kufanyika wiki hii. Katika mkoba unaopanda nao meli, wekeni fomu ya ombi la cheti cha kifungu cha 94 ikiwa imejazwa kila kitu isipokuwa jina la meli, mahali na majina ya watu. Wekeni na barua ya kuiarifu nchi ya bendera. Meli inapoelekezwa bandarini, karatasi hizo ziwe zimeshatumwa, na wakili wa serikali asifungue mashtaka mpaka cheti kiwe mezani kwake kwa mkono wa mwenye mamlaka. Kama Mkurugenzi yuko safarini, mfuateni safarini.

Mwenyekiti, naona kijana wa KMKM kule kushoto ameinua mkono tangu nilipotaja dhamana. Nadhani anataka kuniuliza nani atailinda meli usiku wakati dhamana inajadiliwa, na mafuta ya boti ya ulinzi yanatoka fungu lipi. Ni swali zuri, na jibu langu halitawafurahisha watu wa bajeti. Mpeni kipaza sauti.